Sambusa za Nyama Zikikugomea: Soma Dalili, Tafuta Chanzo

Sambusa ikiharibika, uharibifu wake huonekana kwenye mafuta. Humo ndimo inamopasuka, ndimo inamotoka malengelenge, ndimo inamolowa chapachapa. Ndiyo maana wapishi wengi hukimbilia kucheza na moto: wanaongeza, wanapunguza, mwisho wanabadilisha hata aina ya mafuta. Naamini kwa dhati kwamba hapo wanatibu pasipouma. Makosa mengi ya sambusa huwa yameshafanyika kabla karai halijapanda jikoni, na ukiyafuatilia hadi mwisho utakuta maji: maji yaliyobaki kwenye nyama, yaliyotoka kwenye kitunguu, yaliyozidi kwenye unga, au mvuke uliogeuka matone ndani ya manda, yaani ile ngozi nyembamba ya unga inayofunga nyama.

Nitaanza na kile unachokiona kwa macho au kukionja mdomoni, kisha nirudi nyuma hadi kwenye chanzo. Ili tuwe na kipimo kimoja, chukulia manda za nusu kilo ya unga wa ngano mweupe, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta na maji kama mililita 250. Nyama ya kujazia iwe nusu kilo ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, ambayo ukiichanganya na vitunguu hutosha takribani sambusa 25 hadi 30 za ukubwa wa kawaida.

Inapasuka au inafunguka kwenye mafuta

Usiitupe iliyopasuka. Itoe, iache ipoe kidogo, kisha iangalie imefunguka wapi, maana kila mahali pana sababu yake.

Ikiwa ni kwenye ncha, basi kosa liko kwenye mkunjo. Hapa ndipo sambusa nyingi zinapovuja, na tundu lenyewe huwa dogo hata mtu asiligundue. Ukikunja robo ya manda kuwa koni, kingo mbili zilizonyooka hukutana kwenye ncha. Zikigusana ukingo kwa ukingo bila mmoja kupanda juu ya mwingine, hubaki kitundu cha ukubwa wa kichwa cha pini. Mafuta huingilia hapo na nyama hutokea hapo, na zile chembe nyeusi zinazoelea karaini nazo zimetoka hapo hapo. Kabla ya kujaza, inua koni uielekeze kwenye mwanga na uchungulie kupitia mdomo wake. Ukiona nukta ya mwanga chini, fungua ukunje upya: ukingo wa pili upande juu ya wa kwanza kwa angalau sentimita mbili, na upite ncha kidogo. Paka gundi ya unga hadi kwenye ncha yenyewe, kisha ibane kwa vidole viwili. Hiyo ni kazi ya sekunde tano kwa kila sambusa, na kwangu ndiyo inayotenganisha sambusa kavu na sambusa inayodondosha mafuta mkononi.

Anayekunja kwa kipande kirefu cha manda chenye upana wa sentimita saba au nane ana pembe tatu za kuchunga badala ya ncha moja. Kila unapogeuza mkunjo, anza kwenye pembe na uibane kabla ya kulaza upande mzima. Ukianzia katikati, pembe hubaki wazi na hakuna gundi itakayoifunga.

Ikiwa imefunguka ubavuni, kwenye mshono, tazama gundi. Gundi nyepesi hulowesha manda badala ya kuishika. Changanya vijiko vitatu vya chakula vya unga na viwili vya maji, ongeza tone moja moja la maji mpaka ishuke polepole kutoka kwenye kidole. Ipake ukingo mzima kwa tabaka jembamba, kwa sababu mahali utakaporuka ndipo mvuke utakapotokea. Sababu nyingine ya mshono kufunguka ni unga mkavu au mafuta yaliyobaki juu ya manda tangu zilipokuwa zimepangwa pamoja. Gundi haishiki juu ya vumbi la unga wala juu ya mafuta, kwa hiyo futa ukingo kwa kitambaa kikavu kwanza. Ukishafunga, ilaze mshono ukiwa chini na uiache dakika kumi kabla ya kukaanga. Anayekunja na kutumbukiza papo hapo anaipa gundi kazi isiyoiweza.

Ikiwa imepasuka tumboni, katikati ya manda palipokuwa pazima, hapo kuna mvuke uliokosa nafasi. Maji yakigeuka mvuke hupanuka zaidi ya mara 1,600, hivyo hata kijiko kidogo cha mchuzi ndani ya sambusa kinatosha kuitoboa. Ama umejaza kupita kiasi, ama nyama ina maji, ama umefungia hewa. Kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kinatosha. Acha sentimita moja na nusu mdomoni bila nyama, kisha kabla ya kufunga ikandamize taratibu kwa kidole kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke.

Nyama ya kujazia ina maji

Ningekuwa na nafasi ya kurekebisha jambo moja tu katika sambusa za mtu, ningerekebisha hili. Nyama inayofaa mchuzi haifai sambusa. Ikaribie ukavu hata ukidhani umepitiliza.

Kuna kipimo rahisi. Pitisha mwiko katikati ya sufuria hadi chini, ukigawa nyama pande mbili. Njia hiyo ikibaki wazi na kavu, nyama iko tayari. Maji yakirudi kuijaza, hata kama ni kidogo, rudisha motoni. Kisha chota kijiko kimoja ukiweke juu ya karatasi ya jikoni kwa dakika mbili. Doa dogo la mafuta halina shida. Doa la maji linalotanuka lina shida.

Maji hayo hutoka wapi? Kwanza, kwenye nyama yenyewe, hasa iliyokuwa imegandishwa. Nyama ikiganda, barafu huchana nyuzi zake, na ikiyeyuka huachia maji mengi kuliko nyama mbichi. Iyeyushie ndani ya jokofu, kwenye chujio, na umwage kilichodondoka. Pili, kwenye sufuria nyembamba yenye kina. Nusu kilo ya nyama ikirundikana kwenye sufuria ndogo hujichemsha kwa maji yake, ikawa ya kijivu, na mvuke hauna pa kukimbilia. Tumia kikaango kipana, usifunike, na moto uwe wa kutosha mpaka usikie sauti ikibadilika kutoka kutokota na kuwa kukaangika. Sikio linajua kabla ya jicho.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanaponaswa, ni kitunguu. Kitunguu maji kwa sehemu kubwa ni maji, kama jina lake linavyosema, na chumvi huyavuta yatoke. Ukichanganya kitunguu kibichi, chumvi na nyama ya moto, ukaacha bakuli saa mbili, utakuta chini kuna mchuzi ambao hukuupika. Mimi nampenda anayeweka kitunguu kibichi, kwa sababu kinabaki na ukakasi mtamu unaokata uzito wa nyama. Lakini kiwekwe kwa utaratibu: chumvi yote iingie kwenye nyama wakati inapikwa, nyama ipoe kabisa, ndipo uchanganye kitunguu kilichokatwa vidogo sana pamoja na majani ya giligilani, na uanze kukunja mara moja. Kama huna uhakika utakunja lini, kipike kitunguu pamoja na nyama mpaka maji yake yaishe. Majani nayo, ukishayaosha, yakaushe vizuri kwenye kitambaa kabla ya kuyakata.

Ikiwa umeshachelewa na bakuli lina maji, mimina vyote kwenye chujio, kandamiza kwa mwiko, kisha rudisha nyama kwenye kikaango kipana kwa dakika chache. Kijiko kimoja cha chenga za mkate mkavu kinaweza kunyonya kilichobaki. Zaidi ya hapo utaanza kula mkate ndani ya sambusa, na ladha ya nyama itapotea.

Kuna pia aliyeikausha nyama vizuri halafu akaharibu mwishoni: aliifunika ingali ya moto. Mvuke ulipanda, ukagonga mfuniko, ukarudi kama matone. Itandaze kwenye sinia pana, isizidi unene wa sentimita mbili, bila kufunika, mpaka sinia liwe baridi ukiligusa chini. Isikae nje zaidi ya saa mbili, kwa kuwa nyama iliyopikwa na kubaki vuguvugu ni mazingira mazuri kwa vijidudu. Kama kukunja kutachelewa, ipelekee friji. Na usishawishike kujazia nyama ya moto hata kwa sambusa mbili za kuonja. Joto lake hulainisha manda kutoka ndani, mafuta ya nyama yaliyoyeyuka hupenya, na utaona doa linalong'aa tumboni mwa sambusa kabla hata hujaikaanga. Ile yenye doa ndiyo itakayopasuka.

Inatoka imelowa mafuta

Kwanza ibane kidogo. Mafuta yakichuruzika kutoka pembeni, ni kitundu, na dawa nimeshaieleza. Ikiwa ni manda yenyewe iliyonyonya, hapo moto unahusika, lakini kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Sambusa inapokaangwa, maji ya kwenye manda yanageuka mvuke na kutoka nje kwa nguvu. Yale mapovu unayoyaona yakiizunguka ni mvuke unaosukuma mafuta yasiingie. Mafuta yasipokuwa na joto la kutosha, msukumo huo ni dhaifu, na sambusa inakaa muda mrefu ikiyanywa. Joto zuri kwa manda nyembamba ni kati ya nyuzi 165 na 175 za Selsiasi. Huna kipimajoto? Dondosha kipande kidogo cha manda. Kikilala chini kimya, mafuta bado. Kikipanda taratibu kikiwa kimezungukwa na mapovu madogo madogo, anza. Kikiruka juu na kubadilika rangi ndani ya sekunde kumi, punguza moto na usubiri.

Kisha usijaze karai. Kila sambusa baridi unayoitumbukiza inashusha joto. Kwa karai la kawaida la nyumbani, tano au sita kwa mkupuo zinatosha, na kati ya mkupuo mmoja na mwingine yaache mafuta yapate joto tena.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia baada ya sambusa kutolewa. Ikitoka karaini, mvuke wa ndani huanza kupoa na kusinyaa, na mafuta yaliyobaki juu ya ngozi yake hunyonywa kuziba nafasi hiyo. Kwa hiyo dakika ya kwanza nje ya karai ndiyo ya kuchunga. Izungushe na kuitikisa juu ya karai kwa sekunde chache, kisha isimamishe kwenye chujio au juu ya waya, ncha ikiwa chini. Ukiilaza juu ya karatasi, upande wa chini unakaa ndani ya mafuta yaliyodondoka na kuyarudisha. Karatasi iwe chini ya waya, isiguse sambusa.

Malengelenge juu ya manda

Vipele vidogo vichache havina ubaya, na wapo wanaovipenda kwa sababu vinavunjika vizuri mdomoni. Lakini malengelenge makubwa hupasuka, huungua kabla ya sehemu nyingine na huacha ngozi nyembamba isiyo na nguvu.

Chanzo kikubwa ni unga laini. Unga wa manda uwe mgumu kuliko wa chapati. Ukiukandamiza kwa kidole, alama ibaki na isirudi haraka. Maji usiyamimine yote. Anza na mililita 220 na uongeze kijiko kimoja kimoja, kwa sababu unga mmoja unakunywa zaidi ya mwingine. Chanzo cha pili ni manda ambayo haikupitishwa kwenye kikaango kikavu kabla ya kukunjwa. Ule mchomo mwepesi hukausha ngozi yake. Kama umechagua manda mbichi nene kidogo, anza kuzikaanga kwenye mafuta ya moto mdogo, nyuzi 140 hadi 150, na uwe na subira. Mafuta makali yakikutana na unga mbichi, maji ya juu hugeuka mvuke kwa ghafla na ngozi inavimba. Na hamira ya unga haina kazi hapa. Anayeiongeza ili manda ziwe "nyepesi" anajiletea malengelenge kwa mkono wake.

Nje imeungua, ndani baridi

Mafuta ni ya moto mno, au sambusa imetoka kwenye friza. Kwa iliyogandishwa nitaeleza mbele. Madoa meusi ya hapa na pale juu ya ngozi iliyobaki safi ni unga mkavu uliobaki kwenye manda. Upanguse kwa brashi au kitambaa, na chuja mafuta baada ya kila mikupuo mitatu au minne.

Ilikuwa kavu ikitoka, baada ya robo saa imelegea

Hili huvunja moyo, kwa sababu ulifanya kila kitu na wageni ndio kwanza wanakaa. Mara nyingi sambusa zilirundikwa kwenye bakuli na kufunikwa. Ndani bado kuna joto na unyevu, na unyevu huo lazima utoke kupitia manda. Ukizuiwa na mfuniko au na sambusa ya juu, unabaki kwenye ngozi na kuilainisha. Zipange kwa safu moja, zisigusane, bila kufunika mpaka zipoe kidogo. Ukitaka zibaki za moto, ziweke kwenye waya ndani ya oveni yenye nyuzi 100 huku mlango umefunguliwa kidogo.

Ikiwa hukuzifunika na bado zimelegea, zilitolewa mapema. Rangi ya dhahabu si ushahidi kwamba manda imekauka. Moto mkali hupaka rangi kwa dakika moja na nusu huku tabaka za ndani za mkunjo zikiwa bado na unyevu. Tazama mapovu badala ya rangi: mwanzoni yanachemka kwa fujo, kisha yanapungua. Yakishapungua sana na sambusa ikawa nyepesi unapoigeuza, imekauka. Kwa joto nililotaja, hesabu dakika nne hadi tano. Mahali pa kuangalia ni mdomoni, pale manda ilipokunjwa mara mbili au tatu, kwa sababu hapo ndipo panapochelewa.

Zilizolegea zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika tano hadi nane. Maikrowevu inapasha maji ya nyama na kuyasukuma kwenye manda, kwa hiyo utapata ngozi laini zaidi ya uliyoanza nayo.

Manda zinakusumbua

Zinagoma kuachana. Ulipopanga vidonge viwili au vitatu vya unga uliokandwa na kuvisukuma pamoja, hukupaka mafuta ya kutosha katikati, au ulipaka bila kunyunyiza unga juu yake, au hukufika ukingoni. Ukingo usiopakwa hujigundisha na ndio unaochanika. Paka kila kidonge hadi pembeni kabisa, nyunyiza unga mwembamba, bandika, kisha sukuma ukigeuza mara kwa mara ili duara zitanuke kwa usawa. Na ziachanishe zikiwa za moto, mara tu zinapotoka kwenye kikaango. Zikipoa zikiwa zimebanana hushikana. Vidole vitalalamika, kwa hiyo tumia kitambaa.

Zinavunjika unapokunja. Zimekaa motoni muda mrefu au zimekauka hewani. Kwenye kikaango kikavu zinahitaji sekunde 20 hadi 30 kila upande, mpaka zibadilike kutoka ubichi na kuwa nyeupe zisizong'aa. Madoa ya kahawia yakitokea, umeshazifanya chapati na hazitakunjika. Zikitoka, zifunike papo hapo kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana. Kisipokamuliwa, zile za juu zitageuka ulojo. Zikishakauka kidogo, zipange, zifunge ndani ya kitambaa hicho na uziache dakika 15. Nyingi zitarudi. Zilizokatika katikati hazirudi. Zikate vipande vidogo uzikaange peke yake.

Zinajirudi unaposukuma. Unga haujapumzika. Baada ya kukanda, ufunike na uuache nusu saa. Nyuzi za ngano zilizokazwa na kukandwa zitalegea, na utasukuma bila kugombana nao.

Ni ngumu mdomoni, zinakauka kama zimechomwa jua. Hukutia mafuta kwenye unga, au manda ni nene. Mafuta huzuia nyuzi za ngano zisishikamane kupita kiasi, na ndiyo yanayofanya ngozi ivunjike badala ya kutafunika. Vile vijiko viwili kwa nusu kilo visipunguzwe. Unene uwe wa kuona kivuli cha kiganja chako ukiinua manda kwenye mwanga.

Manda za kununua hazina aibu yoyote. Shida yake kubwa ni haraka: ziachwe ziyeyuke kabisa zikiwa ndani ya pakiti, na utoe chache chache huku nyingine zimefunikwa.

Nyama ina mabonge, au haina ladha

Mabonge hutokea dakika mbili za kwanza. Nyama ya kusaga ikigusa kikaango cha moto hushikana, na baada ya hapo kuitenganisha ni vita. Iweke kwenye kikaango kabla hujawasha moto, ongeza robo kikombe cha maji, uivuruge kwa mwiko mpaka iachane, ndipo uwashe. Maji hayo yatakauka pamoja na yale ya nyama. Ndiyo, nimetumia ukurasa mzima kulaani maji, lakini haya yanaingia mwanzoni na kuondoka yote.

Kuhusu ladha, kumbuka kwamba manda haina viungo, na kila tonge linakuja na manda. Nyama ikionjwa peke yake iwe kali kidogo kuliko unavyopenda: chumvi imezidi kwa ncha ya kijiko, tangawizi na kitunguu saumu vinasikika, bizari nyembamba na pilipili manga vimekaangwa pamoja na nyama ili harufu yake ifunguke. Onja ikiwa imepoa, kwa sababu ya moto hudanganya ulimi. Ndimu iingie mwishoni, baada ya kuzima moto, na usiizidishe, maana nayo ni maji.

Ipike nyama yote kabla ya kujaza. Nyama ya kusaga inahitaji kufika nyuzi 71 katikati ili iwe salama, na zile dakika nne za karaini ni za manda. Wanaojazia nyama mbichi wanalazimika kuchagua kati ya manda iliyoungua na nyama isiyoiva.

Zilizogandishwa zinapasuka na mafuta yanaruka

Juu yake kuna barafu, au ziliyeyuka. Sambusa iliyoyeyuka huloa kutoka ndani na kushikana na jirani yake. Zigandishe kabla ya kuzikaanga, kwenye sinia, zisigusane, kwa saa tatu au nne. Zikishakuwa ngumu zitie kwenye mfuko na utoe hewa. Zikae miezi miwili hadi mitatu. Zaidi ya hapo manda huanza kukauka pembeni. Siku ya kukaanga, zitoe chache, pangusa chembe za barafu kwa kitambaa kikavu, na uzitumbukize bila kuyeyusha kwenye mafuta ya nyuzi 150 hadi 160. Zipe dakika saba au nane, na uongeze moto kidogo mwishoni kwa ajili ya rangi. Fungua moja uone kama katikati ni ya moto sana kabla ya kuandaa zote.

Povu jingi linalopanda karaini lina maana ileile ya maji, au kwamba mafuta yamechoka. Mafuta yaliyotumika mara nyingi hugeuka mazito na meusi, hutoa povu lisilotulia na moshi hata kwa joto la kawaida. Yaache. Karai lisijazwe zaidi ya nusu, ili povu lipate pa kupanda. Mafuta yakishika moto, zima jiko na ufunike kwa mfuniko wa chuma. Maji yasikaribie hapo hata kidogo.

Za oveni zinatoka kavu na zimepauka

Manda kavu haipati rangi yenyewe kwenye hewa ya moto. Paka mafuta pande zote kwa brashi, pamoja na ndani ya mikunjo ya mdomo, na utumie oveni iliyokwishapata nyuzi 200. Weka sinia ndani wakati oveni inapata joto, ili upande wa chini uanze kukaangika mara tu sambusa zinapolazwa. Dakika 15 hadi 20, ukizigeuza katikati. Kwenye kikaangio cha hewa, nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12 zinatosha, kwa safu moja. Hizi ni kavu zaidi kuliko za karaini na haziwi sawa nazo, kwa hiyo nyama yake inaweza kubaki na unyevu kidogo zaidi, na manda iwe nyembamba kadiri mkono wako unavyoweza.